Huyu mzee Fugui anaishi ili iweje?

Nasomesha fasihi ya China na kila tukifika kwa Yu Hua na riwaya yake Huozhe (Kuishi, 1993) swali ni lilelile kuhusu mhusika mkuu Fugui, hivi huyu mzee anaishi ili iweje? Maana kafiwa na wote. Mwanae Youqing alienda kumtolea damu mke wa mkuu wa wilaya, wakamtoa mpaka akafa, dada mtu kafa akijifungua, mke wake Jiazhen kafa kwa maradhi, mkwe kapondwa na zege kazini, afu mjukuu kapaliwa na maharage. Mwandishi kazidisha kidogo, sikatai.

Ila huko nyuma, mwandishi Lu Xun na hadithi yake ya mwendawazimu ya 1918 alitaka kuwaamsha Wachina, na Mao 1942 kule Yan'an, ngome ya wakomunisti, akasema sanaa iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, yaani maisha ya mhusika lazima yaelekee kwenye jambo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Yu Hua kwenye Huozhe kaachana na hayo, utangulizi wake unasema mtu anaishi kwa ajili ya kuishi kwenyewe, basi.

Na humo hakuna malipo ya wema. Fugui alicheza kamari mashamba ya ukoo yakaenda kwa Long Er, mcheza kamari aliyemshinda, yalipokuja mageuzi ya ardhi Long Er ndo akapigwa risasi kama kabaila, akimlilia Fugui kwamba anakufa badala yake. Uzembe ndo umemwokoa mtu!

Mi kipande ninachokipenda ni cha ng'ombe. Kazeeka kama bwana wake, Fugui alimkuta kijiji kimoja njiani kisu kinanolewa akamnunua, akampa jina lake mwenyewe. Wakilima anaita majina ya marehemu, Youqing usitegee, Jiazhen leo umejitahidi, ili ng'ombe adhani wako wengi asigome. Ujanja wa mkulima tu, tena unachekesha, ila kwa njia hiyo wafu wake anashinda nao shambani.

Wapo wanaosema huku ni kuwafundisha wanyonge kuvumilia. Sikubaliani, kwasababu Yu Hua alianza kuandika kwa nafsi ya tatu ikagoma, mpaka alipomwachia mzee asimulie mwenyewe, na anavyosimulia Fugui hajihurumii hata kidogo, tukimwangalia sisi wa nje ndo tunaona misiba mitupu.

Filamu ya Zhang Yimou ya 1994 iliyotokana na riwaya hii nzuri sana, Ge You aliyemwigiza Fugui alipata tuzo Cannes, lakini wamemwachia mzee mke, mkwe na mjukuu, kwahiyo sababu ya kuishi karudishiwa mezani. Kama umeona filamu tu, hilo swali hujakutana nalo bado.