Kutoweka si kuzama, wala si kupotea

Mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika, boti moja ya mashine ilitoka hapa Mtwara jioni na vijana wanne, na asubuhi haikuonekana. Siku ya pili pale Feri neno lilikuwa moja tu: imetoweka. Kufika jioni, kwenye kahawa walikuwa wameshaanza kuitaja Bermuda, ile pembetatu ya Atlantiki inayosemwa humeza meli na ndege. Siku ya nne ikaja simu kutoka Songo Songo kwamba wote wazima. Mashine ilizimika na maji yakawachukua. Nilishukuru Mungu kama kila mtu. Lakini neno lile limenikaa rohoni, kwa sababu sasa kila kinachopatwa na jambo baharini, eti kimetoweka.

Maana yenyewe ni fupi. Kutoweka ni kuacha kuonekana, na waliobaki wasijue ulipo. Meli au ndege huhesabiwa imetoweka pale mawasiliano yanapokatika, isipofika ilikokuwa inakwenda, na msako ukarudi mikono mitupu au na mabaki machache yasiyotosha kueleza lililotokea.

Sasa litazame neno lenyewe. Mwisho wake ni ule ule wa kuvunjika, kukatika, kumwagika. Kikombe kimevunjika, nani kakivunja, neno halisemi. Toweka nalo ni hivyo hivyo, tena limezidi, kwa kuwa hata namna halisemi. Halielezi kilichokipata chombo, linaeleza kilichotupata sisi tuliosimama ufukweni. Hivyo meli moja inaweza kuwa imetoweka kwetu, na huko iliko imelala chini kwenye mchanga, mahali pamoja, haijasogea miaka mia.

Kuzama ni habari ya chombo chenyewe. Maji yameingia, kimekwenda chini; wazee wa pwani husema kimetota. Nimewahi kumsikia mtu mzima akisema MV Spice Islander I "ilitoweka". Haikutoweka. Ilizama usiku, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na manusura walisimulia. Ukisema ilitoweka, umelifuta swali la nani aliwaruhusu watu wote wale kupanda.

Kupotea ni habari ya njia. Lina ukoo mmoja na kupotoka na kupotosha, na yaelekea nyuma yao lipo kupota, yaani kusokota nyuzi ziwe kamba. Njia imejisokota. Aliyepotea yupo, anapumua, pengine hata anaongea. Asichokijua ni wapi alipo.

Maneno haya matatu yanaweza kupangana katika kisa kimoja, na kisa hicho ni kile kile ambacho wasimulizi wa Pembetatu ya Bermuda hukiharibu. Tarehe 5 Desemba 1945 ndege tano za jeshi la majini la Marekani ziliruka kutoka Florida kwa mazoezi, jumla watu 14. Kiongozi wao aliamini yupo juu ya visiwa vya kusini mwa Florida, na sauti yake ilisikika redioni akihangaika kutafuta uelekeo. Hapo walikuwa wamepotea. Giza likaingia, hali ya bahari ikachafuka, mafuta yakaelekea kwisha. Yaelekea waliangukia baharini wakazama. Kwa kuwa hakuna kilichoopolewa hadi leo, kwetu wametoweka. Ile pembetatu haikuwepo siku hiyo. Jina lake lilikuja miaka 19 baadaye, 1964, pale mwandishi Vincent Gaddis alipolitumia kwenye jarida. Bermuda yenyewe ni visiwa vyenye watu na maduka, vilivyopewa jina la baharia Mhispania, Juan de Bermúdez.

Lakini kinachonisumbua kuliko vyote ni "kutoweka kusikoelezeka", kwa sababu humo mnachanganywa mambo mawili: kutojua wapi na kutojua kwa nini.

Meli ya Waratah iliondoka Durban Julai 1909 kwenda Cape Town na watu 211, ikaonwa na meli nyingine siku ya pili, basi. Wengi wanaoijua pwani ile watakuambia sababu iliyo karibu zaidi na akili: mkondo wa Agulhas ukikutana na dhoruba ya kusini-magharibi huinua mawimbi ya kutisha. Sababu inakisika. Mahali ndipo pamekosekana.

Ndege ya Malaysia, MH370, ni kinyume chake. Tarehe 8 Machi 2014 ilitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na watu 239, ikageuza njia. Ishara za setilaiti zilionyesha iliendelea kuruka kwa saa kadhaa na kuishia kusini mwa Bahari ya Hindi. Julai 2015 kipande cha bawa kikaokotwa Réunion. Juni 2016 kingine kikaokotwa Pemba, kisiwa chetu, na wachunguzi wa Australia wakathibitisha ni cha ndege ile. Vingine viliokotwa Msumbiji. Mtu akauliza, inawezekanaje vipande vya ndege moja viwe kusini na kaskazini yetu? Mvuvi wa Msimbati hahitaji muujiza hapo. Mkondo mkubwa unaovuka bahari kutoka mashariki hugonga bara karibu na Rasi Delgado, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, ukagawanyika: tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda likipita Mtwara, Lindi, Kilwa, hadi Unguja na Pemba. Ni tawi hilo hilo, likisukumwa na kusi, lililowabeba vijana wetu wanne hadi Songo Songo. Kwa hiyo MH370 tunajua iliishia bahari ipi. Kwa nini iligeuza njia, ripoti ya Malaysia ya 2018 ilikiri kwamba haikuweza kubaini.

Mama wa mmoja wa vijana wale alishinda pale Feri siku zote, mkononi simu ya mwanawe, ile aliyoiacha nyumbani ikichajiwa. Siku ya tatu kijana mmoja muuza samaki akamwendea kwa adabu.

"Shikamoo mama. Pole, tumesikia boti ya kina kaka imetoweka."

"Marahaba," akaitikia, kisha akamwambia taratibu, bila kuyatoa macho majini: "Haijatoweka, baba. Haijarudi."