Tetekuwanga ya jicho si mkanda wa jeshi

Juzi faili ya mtoto wa miaka 4 kutoka Mambrui ilinirudia mezani. Daktari kaandika tetekuwanga, konea (kioo cha mbele ya jicho) imevimba. Karani kaweka B02.3, msimbo wa mkanda wa jeshi wa jicho kwenye ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa. Kumuuliza, nikapewa jawabu ninalolisikia humu Malindi mpaka limenichosha: "Kwani kirusi si kile kile?"

Ni kile kile, sikatai. Kikiingia mwilini mara ya kwanza huleta tetekuwanga, kisha hujificha kwenye neva; kikiamka miaka baadaye, ndipo mkanda wa jeshi. Lakini ICD-10 imeyatenga magonjwa hayo mawili: B01 ni tetekuwanga, B02 ni mkanda wa jeshi. Najua kinachowaponza. B02 ina mstari wa jicho, hiyo B02.3, na B01 ya WHO haina. Basi mtu anapekua "jicho", akiliona tu analidaka! Mkanda wa jeshi kwa mtoto hutokea, ila kwa nadra, na huyu hakuwa nao. Ukimwandikia B02.3 umesema kirusi kimeamka upya mwilini mwake, na takwimu zetu zitajaa watoto wenye mkanda wa jeshi machoni. Yeye ni B01.8, tetekuwanga yenye matatizo mengine, ikifuatwa na H19.2 yenye nyota kwa ajili ya konea. Surua ikifika konea huandikwa vivyo hivyo, B05.8 na H19.2. Msimbo wenye nyota (*) hautangulii, wala hauachwi peke yake.

Makarani wengine huniambia: "B01.9 yatosha." Haitoshi. Hiyo ni tetekuwanga isiyo na tatizo lolote.

"Nimeona B01.81 kwenye intaneti, yataja konea kabisa." Ni kweli, lakini hiyo ni ICD-10-CM, toleo la Marekani. Kwenye kitabu cha WHO namba hiyo haimo.

Na mzee aliyeugua utotoni, leo ana kovu kwenye konea? Msimpe B01, hana tetekuwanga huyo. H17 kwa kovu, B94.8 kuonyesha ni mabaki ya maradhi ya zamani.

Faili ikisema "jicho jekundu" tu, usibuni. Lengelenge kwenye kope si konea. Mimi huichukua faili nikamfuata daktari huko huko wodini: "Daktari, samahani, ni kope, kiwambo (ngozi nyembamba juu ya weupe wa jicho) au konea?" Hununa kidogo, lakini huandika.