Ickes, Hopkins na suala la mshahara: kazi za umma Marekani, 1933–1939

Rais Franklin Roosevelt alipoapishwa Machi 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na ajira. Wengi husimulia hatua zake kwa kuorodhesha madaraja na mabwawa. Mimi, kama mwanahistoria wa uchumi, naona ni afadhali kuanza na daftari la malipo.

Juni mwaka huo Bunge liliidhinisha dola bilioni 3.3 za kazi za umma, na usimamizi wa PWA, mamlaka ya kazi hizo, ukakabidhiwa Harold Ickes, waziri aliyeuogopa ufisadi kiasi cha kutaka kila mkataba ukaguliwe kwa makini. Wakandarasi walishindania zabuni, mafundi stadi wakaajiriwa, na New York ikapata Daraja la Triborough na Handaki la Lincoln. Lakini michoro huchukua miezi, na chuma na saruji hula fedha ambazo mtu asiye na kazi alitarajia zimfikie yeye.

Kabla baridi haijawa kali, Novemba 1933, Harry Hopkins, msimamizi wa misaada ya serikali kuu, alipewa dola milioni 400 kutoka fungu hilohilo ili aanzishe CWA, mamlaka ya ajira za muda, na kufikia Januari watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wakitengeneza barabara, shule na viwanja vya ndege. Takriban nusu yao hawakutoka katika orodha za wapokea misaada, wala hawakutakiwa kuthibitisha ufukara wao kwanza. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa jambo la kijasiri kuliko bwawa lolote, na pia ndilo lililoifanya CWA iwe ghali. Majira ya kuchipua ya 1934 ikafungwa.

WPA, mamlaka ya kuwaajiri wasio na kazi iliyoanza 1935 chini ya Hopkins huyohuyo, ilirudisha masharti. Kwa kawaida mtu mmoja tu wa kila kaya ndiye aliyeajiriwa, kwa hiyo wanawake wengi walioolewa waliachwa nje (kipengele ambacho wasifiaji wa mpango huu hukipita haraka). Mshahara uliwekwa juu ya kiwango cha misaada lakini chini ya ule wa kampuni binafsi, ili mtu asikatae kazi huko nje. Vyama vya mafundi vikapinga, vikiamini kwamba serikali ingeshusha malipo ya fani nzima, na mafundi wa New York wakagoma. Mwaka 1936 yakapatikana maafikiano: kima cha saa kilingane na cha soko, ila saa zipunguzwe, kiasi kwamba pato la mwezi halikuongezeka.

Mwaka 1937 Roosevelt alibana matumizi, ukosefu wa ajira ukapanda tena, na Novemba 1938 WPA ikafikia kilele chake cha watu zaidi ya milioni 3.3. Wapinzani walidai kwamba ajira hizo zilinunua kura, na mwaka uliofuata Bunge likawapiga marufuku watumishi wengi wa serikali kuu kushiriki kampeni, kisha likaagiza waliofanya kazi WPA miezi 18 mfululizo waondolewe.