Kazi ya Vifaa vya Jukwaani Ujerumani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: "Ni vitu vya bandia, vinatosha vikipendeza kwa mbali."

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa mafundi wa kwetu wanaoniuliza kuhusu kazi za maigizo hapa Ujerumani, na ndiyo inayowagharimu zaidi katika miezi ya mwanzo. Ukweli ni kwamba jicho la mtazamaji huja baadaye. Wa kwanza kuridhishwa ni mkono wa mwigizaji. Nyumba nyingi za maigizo nchini humu huendeshwa kwa fedha za miji na majimbo, zina waigizaji wao wa kudumu, na huonyesha michezo kwa kupokezana, kiasi kwamba mchezo wa leo unaweza kurudi jukwaani baada ya wiki tatu na kuendelea hivyo kwa misimu kadhaa. Kati ya onyesho moja na jingine, kila kikombe, upanga na barua hufungwa, huwekwa ghalani, hupakiwa na kupakuliwa. Sanduku linaloangushwa sakafuni kila usiku lazima liwe imara kuliko la nyumbani, kwa sababu la nyumbani haliangushwi kwa makusudi.

Nilipoanza, nilipewa kazi ya kutengeneza mkate ambao mwigizaji angeumega mbele ya watazamaji. Nilichonga povu gumu, nikalivika karatasi na gundi, nikapaka rangi ya ganda lililoungua hata wenzangu wakainama kuunusa. Mazoezini, mwigizaji alipouinua, mkono wake ulipaa juu kuliko alivyokusudia, kwa kuwa macho yalikuwa yamemwandaa kwa kilo moja na kilichokuwa mkononi hakikufika hata robo. Fundi mkuu aliukata mkate katikati, akaniagiza nitie vifuko vya mchanga pande zote mbili, nipachike sumaku za kuviunganisha vipande, na niache tundu la kuwekea tonge la mkate halisi, lile litakaloliwa. Rangi hakuigusa.

Dhana: "Ukijua useremala, unaingia popote."

Matangazo ya kazi hutenganisha watu ambao sisi tungewaita wote mafundi wa jukwaa. Idara iitwayo Requisite hutafuta, hununua, hukarabati na kutunza vifaa, huvipanga mezani kabla ya onyesho na kumkabidhi mwigizaji; watu wake huwa kazini usiku, mwisho wa wiki na sikukuu. Bühnenplastiker ni mchongaji wa jukwaa, hushinda karakanani na povu, udongo, jasi na kalibu, na ufundi wake una mafunzo rasmi ya miaka mitatu. Maseremala na mafundi wa chuma wana karakana zao, na katika nyumba kubwa silaha zina fundi wake peke yake. Berlin kuna hata karakana za pamoja, Bühnenservice, zinazotengeneza mandhari na mavazi kwa ajili ya nyumba tatu za opera za mji huo pamoja na nyumba nyingine za maigizo. Barua ya maombi isemayo tu "naomba kazi ya jukwaani" humwonyesha msomaji wake kwamba mwombaji hajui anaomba nini.

Dhana: "Vitu vyenyewe ni vyepesi, hatari yake ni ndogo."

Hapa naomba msomaji atulie. Povu la poliurethani wakati wa kumiminwa, na baadhi ya gundi na rangi, huwa na isosianeti, kemikali zinazoweza kuuletea mwili mzio na kusababisha pumu. Mtu akishapata mzio huo, kiasi kidogo sana kinatosha kumbana kifua, na wapo wanaolazimika kuuacha ufundi kabisa. Ndiyo maana tangu tarehe 24 Agosti 2023, katika nchi za Umoja wa Ulaya, anayetumia kikazi bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hizo sharti awe amepata mafunzo ya usalama. Vumbi la mbao ngumu nalo limewekewa kikomo cha miligramu 2 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa kuwa linaweza kuleta saratani ya pua. Nililelewa katika karakana ambako kitambaa kilichofungwa puani kilihesabiwa kuwa kinga, na bado naumia nikiwakumbuka wazee wetu waliokohoa miaka yote tukidhani ni uzee. Barakoa ya kazi hii huchaguliwa kulingana na kile kinachokatwa au kumiminwa: chujio la vumbi halizuii mvuke. Kumwuliza msimamizi ni chujio gani linalofaa hakumshushi fundi hadhi, na anayeogopa kuuliza hulipa kwa mapafu yake.

Moto nao una historia ndefu. Ukumbi wa Ringtheater wa Vienna uliungua tarehe 8 Desemba 1881 na kuua mamia ya watu, na misiba ya aina hiyo ndiyo iliyozaa sheria kali za kumbi za Ulaya. Leo, kwa kawaida, mandhari ya jukwaa hutakiwa iwe ya kitu kisichoshika moto kwa urahisi, vifaa vya mkononi visiwe vya kitu kinacholipuka kwa cheche, na mshumaa wa kweli hauwashwi isipokuwa mchezo wenyewe unauhitaji na zimamoto wameafiki. Makuti na majani makavu, ambayo kwetu ndiyo pambo la haraka, hapa hutiwa kwanza dawa ya kuzuia moto, kisha kipande hujaribiwa.

Dhana: "Mikono inaongea, lugha itakuja yenyewe."

Kwa viza ya Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi yanayofanyika kwa mwajiri na chuoni, kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani cha kati, na hiyo ni hatua ya chini tu. Chuo cha ufundi hufundisha kwa Kijerumani, maonyo ya kemikali huandikwa kwa Kijerumani, na mwongozaji akibadili mawazo saa nne usiku, mabadiliko hayo hufika karakanani asubuhi katika mstari mmoja wa mwandiko wa haraka.

Dhana: "Bila kumlipa wakala huendi."

Mwanagenzi wa Ausbildung ya aina hii hulipwa na mwajiri. Mwaka 2025 kiwango cha chini kisheria kwa mkataba mpya kilikuwa euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Katika mji wenye kodi kubwa fedha hizo hazitoshi, na ubalozi huweza kudai uthibitisho wa fedha za kujazia. Mkataba wa uhamiaji ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin mwezi Septemba 2024 haugawi viza wala ajira; kila mwombaji bado hupimwa kwa sheria za kawaida. Anayekuuzia "nafasi za mkataba wa serikali" anakuuzia hewa.

Dhana: "Vyeti vyetu havitambuliki, na asiye na cheti asijisumbue."

Vyeti hupimwa kimoja kimoja. Cha useremala hupelekwa kwenye chemba ya mafundi ya eneo husika, na vya fani zilizo chini ya chemba za biashara na viwanda hushughulikiwa na ofisi ya IHK FOSA iliyoko Nürnberg. Nafasi ya Ausbildung, kwa upande wake, haidai cheti cha ufundi; hudai elimu ya shule na, katika fani hii, mkoba wa kazi ulizofanya. Fundi aliyejifunza kando ya barabara Gikomba au Keko ana kazi nyingi za kuonyesha, ila mara nyingi hupiga picha moja tu, ya upande wa mbele, kitu kikiwa kimeshang'arishwa. Piga pia kikiwa nusu, kisha kigeuze upige chini na ndani, maungo na misumari ionekane, na andika kando yake uzito na vipimo. Nilipofanyiwa usaili, picha iliyowafanya waulize maswali kwa robo saa ilikuwa ya mgongo wa kabati.