Tumbusi Haumwi na Uvundo, Huuawa na Sumu

Ukitoka Malindi kuelekea Tsavo Mashariki, ukishapita Lango Baya, inua macho. Tumbusi mmoja akishuka kwa kasi, wenzake walio mbali humwona wakamfuata, na walio mbali zaidi wakawafuata hao. Tumbusi wetu hawanusi mzoga, wanauona. Ndiyo maana mfugaji huwakuta wanakula kabla hajajua kwamba ng'ombe wake amekufa.

Mimi ni daktari wa mifugo, na wafugaji huniuliza sana: "Daktari, hawa mbona hawaugui?" Jibu limo tumboni. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali mno. Nyama ambayo ingemlaza mtu hospitalini, yeye huisaga bila shida. Kichwa na shingo karibu havina manyoya, hivyo damu haigandi hapo, na joto nalo hupata pa kutokea. Niliwahi kumfungua mdomo tumbusi mgongo-mweupe aliyekufa, nikapitisha kidole kwenye ulimi. Kingo zake zina vijimiba vilivyoelekea kooni, vikali kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Kwa ulimi huo hukwangua nyama mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Yule hakufa kwa maradhi. Fisi alimla mbuzi wa mtu, na mwenye mbuzi akautia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Simlaumu kwa uchungu wake, mbuzi ni karo ya mtoto. Lakini tumbusi hula kwa kundi, na mzoga mmoja wenye sumu huweza kuua makumi kwa asubuhi moja. Jike hutaga yai moja tu, na kinda huchukua miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa. Tangu 2015 mgongo-mweupe amewekwa kati ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Fani yangu nayo ina deni. Kule India, diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliharibu figo za tumbusi walioila mizoga yao. Katika miaka ya 1990 na 2000 aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mbwa koko wakaongezeka kwenye mizoga iliyobaki. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo huko mwaka 2006.

Yule mwenye mbuzi sasa amezungushia zizi matawi ya miiba, tabaka mbili, na mbuzi huingia kabla ya magharibi. Fisi huzunguka nje mpaka alfajiri.