Chupa Tupu Haithibitishi Dawa Imemezwa

Kazi yangu ni kukagua utafiti wa dawa unaosimamiwa na kikundi cha chuo kikuu, kisichofanya biashara. Ofisi iko Kisumu, lakini siku nyingi niko kwenye matatu ya Siaya au Bondo, faili mapajani. Watu hudhani nadunga washiriki sindano. Nasoma karatasi tu.

Kwenye zahanati moja, jina nalihifadhi, nilikuta presha za washiriki kumi na wanne. Wote 120/80, kalamu ile ile, mwandiko wa kukimbizwa.

"Sista, hawa ni wa tumbo moja?"

Akacheka, kisha akainama. "Betri ya mashine iliisha, dada, na watu walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri."

Nilimwelewa. Hata hivyo presha zile tuliziandika kuwa hazikupimwa. Mtakwimu akikuta pengo ana la kufanya nalo. Namba ya kutungwa humpita huku akiiamini.

Wageni kazini huwasimulia habari za Bondo. Utafiti wa FEM-PrEP, ambao Bondo ilikuwa kituo chake kimojawapo, ulikuwa na wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania. Wengine walipewa Truvada ya kumeza kila siku kuzuia VVU, wengine plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa. Aprili 2011 ukasitishwa kwa kuwa dawa haikuonekana kusaidia: hesabu ya mwisho ya maambukizi ilikuwa 33 upande wa dawa, 35 upande wa plasibo. Wanawake walisema wanameza karibu kila siku, na hesabu ya vidonge vilivyorudishwa ikawaunga mkono. Damu ikakataa. Katika vipimo vya upande wa dawa, chini ya asilimia 40 ya wanawake ndio walioonyesha dalili za kumeza siku za karibuni. (Siwalaumu. Jaribu wewe kueleza nyumbani kwa nini una chupa ya ARV na huna ugonjwa.)

Julai mwaka huo huo, utafiti wa Partners PrEP, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Washington kwa jozi 4,747 za wenzi wa Kenya na Uganda, Kisumu ikiwemo, ulitoa jibu jingine. Kidonge kile kile kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kamati huru inayochungulia matokeo kabla yetu sote ikaagiza plasibo iachwe.

Sasa fikiria kama damu ya Bondo isingehifadhiwa na kupimwa. Tungeambiana dawa haifai kwa wanawake, basi. Kampuni ya dawa nayo inaweza kufanya utafiti safi, na zipo zinazofanya. Raha ya upande wetu ni kwamba dawa ikishindwa, hakuna bosi anayepoteza mauzo, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza kwa nini naharibu bajeti kwa jokofu la sampuli.

Niliporudi kwa yule sista, alifungua droo kabla sijaketi. Betri nane, bado kwenye karatasi zake. Chini yake fomu za wiki hiyo: 131/84, 118/72, 147/93.