Saa ya chakula cha usiku na uzito wake kwenye sukari na presha

Wengi wanaofika kwenye ushauri wa lishe hapa Tanga na sukari iliyopanda wana ratiba zinazofanana. Asubuhi ni chai na maandazi mawili. Mchana biashara haimruhusu kukaa, anapitisha na soda na muhogo wa kukaanga. Saa 4 usiku ndipo anapotengewa wali wa nazi na samaki, na saa 5 yuko kitandani. Ukimuuliza atakwambia yeye si mlaji. Hadanganyi, maana milo yake ni michache kweli. Lakini chakula kingi cha siku nzima kinaingia mwilini saa ambayo mwili hauko tayari kukipokea.

Kongosho hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi asubuhi na mchana. Giza likiingia, ubongo huanza kutoa melatonini, homoni ya usingizi, ambayo hupunguza utoaji wa insulini. Ndiyo maana sahani ileile ya wali hupandisha sukari zaidi ikiliwa usiku kuliko ikiliwa asubuhi. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kuhusu saa za kula na afya ya moyo, kikishauri sehemu kubwa ya chakula iliwe mapema na usiku tumbo lipumzike. Hata hivyo kiasi bado ni muhimu: wali wa kupindukia saa 7 mchana nao utapandisha sukari.

Lengo tunalolipendekeza kwa watu wengi ni kumaliza chakula cha usiku kufikia saa 1 au saa 2, angalau saa tatu kabla ya kulala. Ukiambiwa uhamishe mlo kutoka saa 4 hadi saa 1 kwa siku moja, utashindwa wiki hiyohiyo. Sogeza nusu saa kila wiki. Na usiguse chakula cha usiku kabla ya kurekebisha cha mchana, kwa sababu anayeshinda na njaa hawezi kujizuia jioni. Mlo mkuu uwe mchana: nusu ya sahani mchicha, matembele, bamia au kachumbari, robo wali, ugali au ndizi, robo samaki, maharage au kunde. Usiku rudia mpangilio huohuo kwa sahani ndogo. Ukimaliza kula, tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka mtaa tu.

Ukija kwenye ushauri, njoo na kikombe na kijiko unachotumia nyumbani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4 za sukari, na kikijaa kilima hubeba zaidi sana. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tusizidi takriban gramu 25 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Nazi hatuwaambii watu waiache. Mafuta yake mengi ni yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, kwa hiyo pika kwa tui jepesi na uachane na kasimile, au uiweke kwa mlo mmoja wa wiki. Papa mkavu mloweke usiku kucha, mwage maji mara mbili, na mchuzi wake usiongezwe chumvi. Kwa ajili ya presha, chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai.

Wanaofanya zamu za usiku, bandarini au ulinzini, wale mlo kamili kabla ya kuingia kazini, na katikati ya usiku wapate kitu chepesi: yai la kuchemsha, mtindi usio na sukari, au karanga kiganja kimoja.

Hapa naomba tahadhari kubwa. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamaidi asibadili saa za kula, asiruke mlo, wala asiamue kufunga Ramadhani kabla ya kuonana na daktari wake, ikiwezekana wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Ukiruhusiwa kufunga, daku liliwe karibu na alfajiri, na kupima sukari mchana hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.7 (kipimo cha mmol/L), fungua hapohapo. Iliyozidi ni ya kuwahi hospitali. Iliyoshuka, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula.